Nani Anayejibiwa? Ngoma ya Beni kama Sanaa ya Majibizano

Utangulizi

Taarab imepata wahakiki wake. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert, na nyimbo za wafuasi wake zimechambuliwa kwa fani na maudhui katika tasnifu nyingi za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Beni haikupata bahati hiyo. Ngoma hii ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya mnamo miaka ya 1890, ikaenea hadi Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo, na kwa muda wa nusu karne iliwashughulisha watu wengi kuliko aina yoyote ya ushairi ulioandikwa. Hata hivyo, imeachiwa wanahistoria na wanasosholojia. Mhakiki wa fasihi aghalabu huitaja kwa sentensi moja, kisha huendelea na safari yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kimya hicho kimetokana na swali lililoulizwa vibaya. Tangu enzi za ukoloni, mjadala kuhusu beni umezunguka jambo moja: je, watu wale waliovaa sare, wakapiga tarumbeta na kujipa vyeo vya kijeshi walikuwa wakimwiga Mzungu, au walikuwa wakimkejeli? Makala yanadai kwamba swali hili linamweka Mzungu mahali ambapo wimbo wenyewe haukumweka. Hasimu wa beni alikuwa beni nyingine, na wimbo wa beni ulielekezwa kwa mtaa wa pili. Hivyo basi, beni ni tawi la utanzu mkongwe wa Kiswahili, yaani majibizano, na inastahili kuhakikiwa kwa misingi ya utanzu huo.

Beni na Waliotangulia Kuiandika

Kazi inayoongoza katika uwanja huu ni ya Terence Ranger, aliyekuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960. Kitabu chake, Dance and Society in Eastern Africa, kilichapishwa mwaka 1975, na jina lake la ziada ni The Beni Ngoma. Jina beni lenyewe ni neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, lililotiwa irabu na kupewa uraia wa pwani. Ranger anaonyesha kwamba beni ilikuwa zaidi ya kundi la wapiga ala. Ilikuwa chama chenye viongozi, ada, sare, mfumo wa kusaidiana katika ugonjwa na mazishi, na wajibu wa kuwakirimu wageni. Kila chama kilikuwa na mpinzani wake. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi. Dar es Salaam na Tanga zilikuwa na Marini na Arinoti. Kwa jumla, Marini ilijinasibisha na watu wa mji, wasomi na wenye kazi za mishahara, ilhali Arinoti ilihusishwa na wageni wa bara na watu wa hadhi ya chini.

Mchango mkubwa wa Ranger ni kuikomboa beni kutokana na tuhuma ya ukasuku. Anasisitiza kwamba mashindano ya mitaa yalikuwapo kabla ya bendi ya kwanza ya shaba kusikika, na kwamba beni ilikuwa vazi jipya la desturi ya kale. Ushahidi wa pwani unamuunga mkono. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake yamo katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaeleza kwa kirefu ngoma za Mrima na ushindani ulioandamana nazo. Jonathon Glassman, katika Feasts and Riot (1995), anaonyesha jinsi karamu na ngoma za kushindana zilivyokuwa uwanja wa kugombania heshima na uraia katika miji ya Mrima kabla ya mwaka 1888. Kijana aliyejiunga na beni hakuingia katika ulimwengu mgeni.

Pamoja na hayo, Ranger ni mwanahistoria na anayasoma maneno ya beni kama mwanahistoria. Kwake wimbo ni ushahidi: unathibitisha kwamba watu fulani walijua habari fulani, au walikuwa na kinyongo fulani, katika mwaka fulani. Namna ulivyotungwa, nani aliyeusikia kwanza, na ulijibiwa vipi ni mambo yanayobaki pembezoni. Kazi ya kuyarudisha katikati ni ya mhakiki wa fasihi.

Siwa na Tarumbeta

Hoja ya kuiga huanzia kwenye ala, kwa hiyo na iangaliwe hapo kwanza. Ni kweli kwamba bendi za shaba zililetwa na manowari, vikosi na misheni, na kwamba Sultani wa Zanzibar mwenyewe alikuwa na bendi yake iliyopigwa na Wagoa. Lakini pwani haikungoja manowari ijue maana ya pembe inayopulizwa mbele ya msafara. Siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe ya ndovu na siwa ya Lamu ilisubuliwa kwa shaba. Zote mbili zilipulizwa katika shughuli za watu wakubwa, na haki ya kupulizwa siwa arusini ilikuwa alama ya uungwana. Mtu asiye na nasaba hakupata siwa hata angekuwa na mali.

Kwa mtazamo huu, sauti ya shaba njiani ilikuwa alama ya enzi iliyoeleweka tangu zamani, na kilichobadilika ni mwenyewe. Siwa ilirithiwa, ilhali tarumbeta lilinunuliwa. Vijana walioweza kuchanga fedha, wakiwamo wajukuu wa watumwa na wageni waliotoka bara, waliweza kujipatia msafara wenye pembe mbele yake. Wale waliowaona wakaudhika au wakavutiwa walikuwa, kwanza kabisa, wenye siwa. Ofisa wa Kiingereza aliyesimama barazani akicheka huenda hakujua kwamba kulikuwa na ugomvi, sembuse kujua unahusu nini.

Ushahidi wa bara unaongeza nguvu hoja hii. Kando ya Ziwa Nyasa beni ilizaa malipenga, ambayo ala zake ni vibuyu vilivyotiwa utando ili sauti ya mwimbaji itoke kama ya tarumbeta. Lau kiini cha beni kingekuwa kuwa na kitu cha Mzungu, ngoma hiyo ingekufa pale ambapo shaba haikupatikana. Haikufa, bali iliotesha tarumbeta zake shambani. Gwaride, sare na mpinzani vilibaki.

Cheo kama Sitiari

Jambo la pili linalotajwa na wafuasi wa hoja ya kuiga ni vyeo. Beni zilikuwa na wafalme, majenerali, maadmirali, makanali na madaktari, na upande wa wanawake malkia. Homi Bhabha, katika insha yake ya mwaka 1984 kuhusu uigaji, anadai kwamba mtawaliwa anayemwiga mtawala bila kufanana naye kikamilifu huyatia mashaka mamlaka ya mtawala huyo. Nadharia hii ina mvuto, na ni rahisi kuipachika juu ya jenerali wa beni. Tatizo lake ni kwamba inahitaji mtawala awe anatazama. Bila jicho lake, maigizo hayana wa kumtia wasiwasi.

Jenerali wa Marini alijipa cheo mbele ya nani? Palipokuwa na jenerali upande huu, upande wa pili ulitafuta mwenye cheo cha kumlingana au kumpita. Cheo hapa kinafanya kazi ya sitiari katika ushairi wa kujigamba. Malenga wa kale alijiita simba, papa au bahari ili ampime mwenzake, na msikilizaji hakudhani kwamba mtunzi ana manyoya au magamba. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, watu waliokuwa wamebeba mizigo na bunduki kutoka pwani hadi Msumbiji walikuwa na picha mpya za ukuu: manowari, jenerali, mzinga, Kaizari. Walizitumia picha hizo palepale ambapo babu zao walitumia simba. Beni ilichezwa na askari na wapagazi wa pande zote mbili za vita hivyo, na jambo hilo peke yake linapaswa kumtahadharisha anayetaka kuusoma utii kwa taifa moja la Ulaya katika jina la cheo.

Haimaanishi kwamba vyeo havikuwa na uzito wa kijamii. Margaret Strobel, katika utafiti wake kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa (1979), anaonyesha kwamba vyama vya lelemama vya wanawake vilikuwa na ngazi za uongozi na ushindani uliofanana na ule wa beni za wanaume, na kwamba ndani ya vyama hivyo wanawake wa nasaba tofauti walikutana bila tofauti zao kufutika. Mwanamke ambaye mtaa haukumpa nafasi aliweza kupata cheo ambacho mtaa ulilazimika kukitamka. Sitiari iliyokubaliwa na mpinzani huwa na nguvu ya kumbadilisha mwenye kuitumia.

Nusu ya Wimbo

Kiini cha hoja hii kimo katika matini yenyewe. Nyimbo za beni zilizohifadhiwa ni fupi na, zikisomwa peke yake, nyingi ni maskini. Mhakiki aliyezoea shairi la mizani kumi na sita na vina vya kati na vya mwisho atazipita upesi. Ufupi wenyewe una sababu. Maneno haya yaliimbwa na watu wanaotembea kwa hatua za gwaride, yakapokewa na kundi, na yalipaswa kukaa akilini mwa hadhira iliyoyasikia yakipita. Aidha, yalitegemea kile ambacho upande wa pili ulikuwa umekwisha kusema, au ambacho mtaa mzima ulijua na hakuna aliyekuwa amethubutu kukisema. Wimbo wa beni mara nyingi ni nusu ya usemi, na nusu nyingine imo kinywani mwa hasimu.

Kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili hali hii si ngeni. Ann Biersteker, katika Kujibizana (1996), na Kimani Njogu, katika kazi yake ya mwaka 2004 kuhusu ushairi kama mazungumzo, wamedhihirisha kwamba sehemu kubwa ya ushairi huu haieleweki nje ya mfululizo wa jibu na jibu la jibu. Mkusanyo wa Mashairi ya Vita vya Kuduhu, uliotolewa na Biersteker na Ibrahim Noor Shariff mwaka 1995, ni mfano bora. Mnamo mwaka 1812 hivi, wakati wa vita baina ya Lamu na muungano wa Pate na Mombasa, washairi wa pande hizo walipelekeana tungo za vitisho, mafumbo na kejeli. Anayelisoma shairi moja la mfululizo ule bila lile linalolijibu huona majivuno matupu. Akiyasoma yote mawili huona hoja za kisiasa zikipimana nguvu.

Tofauti kati ya Kuduhu na beni ni ya kiwango na ya tabaka. Kule washairi walikuwa watu wa nasaba, waliomiliki kalamu na karatasi, na vita vilikuwa vya damu. Huku watungaji walikuwa makuli, makarani, askari waliostaafu na mafundi, na vita vilikuwa vya mavazi, karamu na maneno. Lakini kanuni ni ileile. Anayenyamaza ameshindwa, na anayejibu sharti achukue fumbo la mwenzake na kulirudisha likiwa na makali zaidi. Hukumu hutolewa na hadhira inayozijua pande zote mbili. Miji yenye mitaa miwili inayokabiliana, kama Lamu yenye Mkomani na Langoni, iliipokea beni kwa urahisi kwa sababu uwanja wake ulikuwa tayari.

Hasimu Anaposafiri

Ikiwa hoja hii ni sahihi, inapaswa kusimama hata pale ambapo beni iliondoka pwani. Jaribio zuri linapatikana Luanshya, katika eneo la migodi ya shaba la Rhodesia ya Kaskazini, ambako J. Clyde Mitchell aliichunguza ngoma ya kalela na kuchapisha matokeo yake mwaka 1956. Mitchell anaitambua kalela kuwa kizazi cha mbeni. Wachezaji walivaa nadhifu kwa mtindo wa Kizungu, na miongoni mwao mlikuwa na mfalme, daktari na muuguzi. Mitchell anahitimisha kwamba mavazi na vyeo hivyo vinaonyesha Wazungu kuwa kipimo cha hadhi kwa Waafrika wa mjini.

Lakini Mitchell ni mtafiti mwaminifu, na pamoja na mavazi alinakili maneno. Maneno hayo hayamsemeshi Mzungu. Yanausifu ukoo na nchi ya waimbaji, kisha yanawageukia watu wa makabila mengine wanaoishi nao katika kambi za mgodi na kuwatania kwa lugha na mila zao. Pana pengo, basi, kati ya ushahidi wa jicho na ushahidi wa sikio. Jicho liliona suti likamfikiria Mzungu. Sikio lilisikia jirani akijibiwa. Mitchell analiona pengo hili na kulifasiri kisosholojia. Mhakiki wa fasihi anaweza kulifasiri kwa njia rahisi zaidi: suti ni sehemu ya maneno, na anayeambiwa atazame suti ni yuleyule anayetaniwa.

Kuna tukio moja linaloonekana kuipinga hoja hii. Katika mgomo wa wachimba migodi wa mwaka 1935, ambapo Waafrika sita waliuawa kwa risasi katika mgodi wa Roan Antelope, tume ya uchunguzi ilisikiliza ushahidi kuhusu nafasi ya Mbeni katika kusambaza habari za mgomo. Je, hapa beni haikumgeukia Mzungu? Chama kilichokuwa na viongozi, matawi na njia za kupelekeana ujumbe kilifaa kwa kazi hiyo, na hakuna haja ya kulikana hilo. Hata hivyo, chama kutumika katika mgomo ni jambo moja, na wimbo kutungwa kwa ajili ya mwajiri ni jingine. Serikali za kikoloni, zilizoishuku beni tangu mwisho wa vita vya kwanza, zilishindwa kutenganisha mambo haya mawili. Wahakiki wa baadaye wanaoitafuta beni ya upinzani katika kila ubeti wanarudia kosa la serikali hizo kwa nia njema.

Beni Isiyokuwa na Hasimu

Mipaka ya beni nayo inahitaji kutajwa. Ushindani uligharimu mali nyingi, na karamu za kushindana ziliwaacha watu katika madeni. Majibizano yaliyofungwa ndani ya mtaa yanaweza kumfanya jirani maskini kuwa adui mkubwa kuliko mwenye nguvu aliye mbali. Wanasiasa wa miaka ya baada ya vita vya pili waliokitafuta chama kimoja cha watu wote walikuwa na sababu ya kuitilia mashaka ngoma iliyoishi kwa mgawanyiko. Uhakiki unaoisifu beni bila kulitaja jambo hili utakuwa umeipamba tu.

Kinachofundisha zaidi ni kilichotokea baada ya vyama pinzani kufifia. Zanzibar bado ina beni, na tarumbeta na ngoma zake husindikiza maarusi mitaani huku watu wakifuata kwa kucheza. Jina la kundi moja maarufu, Mbwa Kachoka, lingetosha kuonyesha kwamba ucheshi wa kujidharau ili kumtega mwingine haujapotea. Lakini maneno yanayoimbwa ni viitikio vilivyoazimwa kutoka kwa taarab inayovuma wakati huo. Muziki umebaki, msafara umebaki, na furaha imebaki. Kilichopungua ni utungaji, kwa sababu hapana tena wa kujibiwa. Mipasho ya taarab yenyewe, kwa upande mwingine, ilistawi katika miaka ya 1990 pale ambapo vikundi vilipata wapinzani wa kweli. Hasimu alipohama, ushairi ulihama naye.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ala, vyeo na maneno ya beni vilielekezwa kwanza kwa mpinzani wa karibu, na kwamba kuiga au kukejeli kwa Mzungu, pale kulipokuwapo, kulikuwa chombo katika mjadala wa wenyeji wenyewe. Mtazamo huu una matokeo kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda nyanjani. Akikusanya nyimbo za beni moja, akazipanga kwa dhamira na kuzichapisha kama diwani, atakuwa ameleta nusu ya kila usemi. Inampasa azikusanye kwa jozi: wimbo na jibu lake, Kingi na Skochi, Marini na Arinoti. Inampasa pia aulize nani alivaa nini siku ile, msafara ulipita mbele ya nyumba ya nani, na upande wa pili ulinyamaza kwa siku ngapi kabla ya kujibu. Waliozicheza beni za miaka ya 1930 hawapo tena, na waliozisikia wakiwa watoto ni wachache. Katika miji ambamo watu bado wanakumbuka upande gani ulikuwa wa baba zao, nusu mbili za baadhi ya nyimbo hizo huenda zingali zinaishi katika mitaa miwili tofauti, na hakuna aliyewahi kuziandika katika ukurasa mmoja.